Punda Asiye na Kwato: Sauti Zinavyopotea Ndani ya Edita ya Gemu

Alasiri moja hapa Langoni, Lamu, mtoto wa kakangu alinijia barazani na simu mkononi. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza gemu ya mbio za punda, kutoka Mkomani hadi Shela kwa njia ya ufukweni, na siku hiyo ndiyo walikuwa wameitoa kwenye laptopu kwa mara ya kwanza na kuiweka kwenye simu ya Android. "Ami," akaniambia, "punda anatembea lakini hana miguu." Nikasogeza sikio. Upepo ulikuwapo. Bahari ilikuwapo. Watu wa mitaani walikuwa wakiitana. Kwato ndizo hazikusikika hata moja. Tukarudi kwenye laptopu, gemu ile ile, na huko kwato zinalia ko, ko, ko kama punda yuko uani.

Kuzipata kulituchukua mpaka baada ya isha. Njia tuliyopita nataka kuieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu tatizo hili limewachosha vijana wengi ninaowajua, na mara zote chanzo ni kile kile: mtu anadhani sauti ni faili. Akiiona faili kwenye folda anaamini sauti ipo, na akiwa haisikii anaanza kubadilisha faili. Anairekodi upya, anaiongeza nguvu, anapakua nyingine, wala faili haikuwa na kosa lolote.

Sisi tunatumia Godot. Ni edita, yaani programu ya kutengenezea gemu, huria, ya Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014 chini ya leseni ya MIT, haina malipo, na laptopu iliyochoka inaiweza. Nitakayoyasema yanahusu Godot 4, lakini Unity na edita nyingine zina mpangilio unaokaribiana nao.

Ukishaiingiza sauti ndani ya edita, inakuwa na makazi manne. Ya kwanza ni faili yenyewe, ile uliyoirekodi au kuipakua. Ya pili ni maelekezo ya kuisoma: Godot haipigi faili yako kama ilivyo, bali inaisoma, inatengeneza nakala yake na kuiweka kwenye folda iliyofichwa iitwayo .godot, halafu inaandika faili ndogo kando ya ile ya kwanza, yenye jina lile lile na kiishio cha .import. Humo ndimo kulimoandikwa kama sauti irudierudie, kama ibanwe, kama iwe mono (mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stereo). Makazi ya tatu ni nodi inayoipiga (nodi ni kijenzi kimoja cha gemu ndani ya Godot), ambayo mimi huwaambia vijana waiite kinywa, kwa kuwa faili haina uwezo wa kusema bila nodi. Ya nne ni basi, yaani njia inayopitiwa na sauti kutoka kinywani hadi kwenye spika. Neno hili limetoka kwenye meza za kuchanganyia sauti za studio.

Sauti ikipotea, imepotea katika mojawapo ya makazi haya au katika uzi unaounganisha mawili kati yake. Kwa hiyo usibahatishe. Anza spikani urudi nyuma. Kwetu sisi upepo ulisikika, kwa hiyo spika na basi kuu havikuwa na shida. Sauti za watu zinapita kwenye basi moja na kwato, na zilisikika, kwa hiyo njia hiyo nayo ilikuwa wazi. Kinywa kilikuwa kinaamrishwa kusema, maana kwenye laptopu kilisema. Faili ilikuwapo, na nakala yake ilikuwapo. Ukabaki uzi mmoja tu, wa kutoka kinywani hadi kwenye faili, na uzi huo ni jina. Tukafungua msimbo, tukaangalia mstari unaopakia kwato. Umeandikwa Kwato_jiwe_01.wav. Faili inaitwa kwato_jiwe_01.wav.

Herufi moja. Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, ndiyo maana laptopu iliendelea na kazi. Gemu ikishafungashwa kwa ajili ya simu, majina yanasomwa kwa ukali: K kubwa si k ndogo, faili haionekani, nodi inabaki haina cha kupiga. Tangu siku ile tuna sheria isiyovunjwa. Majina yote kwa herufi ndogo, hakuna nafasi, maneno yanaunganishwa kwa mstari wa chini. Hata ng'ombe anaandikwa ngombe, kwa sababu alama ile ya juu katika msimbo inaweza kufunga sentensi ambayo hukuikusudia kuifunga.

Hilo ni la namna ya kuandika. Kubwa zaidi ni nini cha kuandika, na hapa lugha yetu ina mali ambayo sioni ikitumika.

Ingia kwenye folda ya kijana anayetengeneza gemu utakuta sauti_mpya, sauti_mpya2, nzuri, nzuri_kabisa, tumia_hii. Baada ya mwezi hata mwenyewe hajui kilichomo. Kiswahili kina tanakali, na tanakali ni kamusi ya sauti iliyokwisha kutungwa zamani. Kitu kikianguka majini ni chubwi. Kikianguka sakafuni ni pu. Mchangani ni tifu, matopeni ni pwata. Angalia kilichomo ndani ya maneno hayo: hayakuambii kilichoanguka, yanakuambia kimeangukia nini. Mtengenezaji wa gemu anahitaji habari hiyo hiyo, maana punda wake atakanyaga sakafu ya mawe Mkomani, kisha mchanga akikaribia Shela, kisha tope maji yakiwa yamekupwa, na kila mahali kwato inatoa sauti yake. Kwa hiyo jina letu lina sehemu tatu: kinacholia, kinagusa nini, namba. Kwato_jiwe, kwato_mchanga, kwato_tope, na namba mwishoni (hapa nimeanza na herufi kubwa kwa ajili ya sentensi tu, kwenye folda ni ndogo). Paneli ya FileSystem katika Godot ina kisanduku cha kutafutia juu yake. Ukiandika jiwe, vinakuja vyote vinavyogusa jiwe, kwato na gurudumu la mkokoteni na viatu. Ukiandika kwato, zinakuja kwato zote. Jina zuri ni lile linaloitika ukiliita kwa upande wowote.

Tanakali ikanisaidia pia kuwaeleza jambo ambalo nilikuwa nalieleza vibaya kwa miaka. Wahenga wamesema chururu si ndo ndo ndo. Maji yanayodondoka na maji yanayotiririka si mamoja, na ndani ya edita vilevile sauti ni za aina hizo mbili. Kuna sauti za ndo: kwato moja, kete ya dhumna ikipigwa ubaoni, mlango kufungwa, kitufe kubonyezwa. Ni fupi, zinaanza na kwisha, na gemu inaziita mamia ya mara. Halafu kuna sauti za chururu: bahari, upepo, mashine ya boti, mvumo wa watu sokoni. Hizi hazina mwanzo wala mwisho masikioni mwa mchezaji, zinapaswa kuzunguka pasipo mshono kuonekana.

Aina hizi mbili zinahitaji kutunzwa tofauti tangu zinapoingia. Faili ya WAV ya stereo, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, inakula baiti 176,400 kila sekunde. Kwato ya theluthi ya sekunde haikudhuru. Lakini bahari ya dakika tatu katika WAV ni karibu megabaiti 32, na bahari ile ile katika OGG Vorbis, ambayo ni namna ya kuibana sauti, kwa kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti 3. Mtu wa Lamu anayepakua gemu yako kwa bando la siku ataihisi tofauti hiyo. Kwa nini basi tusiweke zote OGG? Kwa sababu OGG lazima ifumuliwe kila inapopigwa, na simu ndogo ikitakiwa kufumua kwato thelathini kwa mpigo inaelemewa. WAV haina kazi hiyo. Kwa hiyo ndo ni WAV, chururu ni OGG. Na kwa sauti za ndo, Godot ina njia ya kuibana WAV kwa mtindo wa IMA ADPCM, ambao unaipunguza hadi kama robo huku kazi ya kuifumua ikibaki nyepesi. Ubora unashuka kidogo, na kwenye kwato hutausikia.

MP3 Godot inaisoma, ila kwa sauti za kuzunguka mimi siipendekezi. Programu za kutengeneza MP3 huacha kimya kifupi mwanzoni mwa faili, na bahari ikizunguka utasikia kama mtu anapepesa macho.

Kuzunguka kwenyewe hakuji peke yake. Faili ya OGG ikiingia Godot inapigwa mara moja kisha inanyamaza, mpaka uichague, uende paneli ya Import, uwashe Loop, kisha ubonyeze Reimport. Kitufe hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Nimekaa na watu walioapa kwamba wamewasha, na kweli wamewasha, ila hawakubonyeza, kwa hiyo nakala iliyomo ndani ya .godot bado ni ya zamani. Kwa faili za WAV, paneli hiyo hiyo ina chaguo la kulazimisha mono. Liwashe kwa kila sauti itakayotoka mahali fulani ndani ya gemu, mfano punda au mwuzaji wa halwa, kwa sababu edita ndiyo itakayoamua ije kushoto au kulia kulingana na mahali alipo. Stereo hapo haina kazi na inachukua nafasi maradufu.

Sasa sauti zenyewe zinatoka wapi?

Nyingi ziko nje ya mlango wako. Simu inatosha kuanzia. Adui wa kwanza hapa kwetu ni upepo: kusi likivuma, ufukweni hupati chochote ila mgurumo kwenye maiki. Ingia vichochoroni, kuta zikukinge, funika simu kwa soksi nyembamba, na urekodi alfajiri kabla ya boti hazijawasha mashine. Kwato zetu nyingine hazikutoka kwa punda kabisa. Tulichukua vifuu viwili vya nazi tukavigonga kwenye sakafu ya mawe, kama walivyofanya watu wa tamthilia za redio tangu zamani, na masikio hayakutofautisha. Kitambaa chini ya kifuu kinakupa mchanga. Ukirekodi, acha sekunde kumi za kimya cha mahali pale pale, utazihitaji kuondolea kelele za nyuma ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti.

Jambo moja ninalishikilia. Usirekodi adhana, wala qasida za maulidi, ukazifanya pambo la nyuma la gemu ambayo mtu ataizima katikati kwa sababu amepigiwa simu. Watu wanaoonekana na kusikika waombe ruhusa. Mji huu ni mdogo, sauti ya mtu inajulikana.

Halafu kuna mtego wa WhatsApp, ambao umetupotezea muda kuliko mwingine wowote. Mmoja wa vijana alirekodi mafundi wa Matondoni wakigonga misumari kwenye jahazi, kazi nzuri sana, akaituma kwenye kundi kama ujumbe wa sauti. Kilichofika ni faili ya .opus yenye jina la herufi na tarakimu. Godot haisomi Opus. Akabadilisha kiishio kuwa .ogg akidhani amemaliza, lakini OGG inayotakiwa ni ya Vorbis, na kubadilisha jina la faili hakubadilishi kilichomo ndani. Juu ya hayo, ujumbe wa sauti umebanwa kwa ajili ya mazungumzo, sehemu za juu za mlio wa nyundo zimekatwa na hazirudi. Tuma kama waraka, si kama ujumbe wa sauti. Na simu nyingi hurekodi kwa m4a, ambayo nayo Godot haiisomi, kwa hiyo ipitishe Audacity kwanza uitoe kama WAV. Audacity ni ya bure. Ili ifungue m4a huenda ikakutaka uongeze kando FFmpeg, programu ya kusomea aina nyingine za faili.

Usichoweza kurekodi utakitafuta kwenye maktaba za mtandaoni, na huko tanakali zetu hazisaidii, kwa kuwa vitambulisho vimeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta "splash" kwa chubwi, "thud" kwa pu, "creak" kwa mlango wa mbao unaolalamika, "hoof" kwa kwato. Ni vyema kuwa na daftari la maneno haya ubavuni, kwa sababu anayetafuta "donkey" peke yake ataletewa milio ya punda anayelia, na kwato atazikosa.

Maktaba ninayoifungua kwanza ni Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na watafiti wa muziki wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Pembeni ya kila sauti pana leseni, na leseni ni sehemu ya sauti. CC0 maana yake mwenyewe ameachilia, tumia utakavyo. Ya kutaja jina inakutaka uandike jina la aliyerekodi mahali mchezaji anaweza kuliona. Yenye sharti la kutofanya biashara huwezi kuitia katika gemu unayoiuza, na mimi siitii hata katika ile ya bure, kwa sababu gemu ya bure leo kesho inawekwa matangazo. Kenney, mtengenezaji wa vifaa vya gemu, hutoa mafungu ya sauti kwa CC0, na vitufe vyetu vyote vimetoka kwake. BBC nayo imefungua hazina ya sauti zaidi ya 33,000 kwa matumizi binafsi, ya elimu na ya utafiti, lakini kwa biashara ni lazima ulipie. Sikiliza ujifunze, usizitie kwenye mauzo.

Siku hiyo hiyo unayopakua, andika. Tuna faili moja ya maandishi ndani ya folda ya sauti, chanzo.txt, kila mstari una jina jipya la sauti, jina la zamani, aliyerekodi, leseni, na tarehe. Mwaka mmoja nyuma nilimsaidia mtu aliyekuwa na gemu karibu kukamilika na sauti themanini asizojua zilikotoka. Hakuwa mwizi. Alikuwa hakuandika tu. Tulizitoa zote, moja moja, tukaanza upya, na wiki tatu zikaenda.

Kuna edita ambazo maktaba imo ndani yake. Godot ina kichupo cha AssetLib, ingawa humo utakuta zaidi viongezi na miradi ya mfano. Roblox Studio, ambayo wadogo zetu wengi wanaijua, ina kisanduku unachotafutia sauti, ukaisikiliza papo hapo na kuiburuta ndani. Ni rahisi sana, na urahisi wenyewe unakuficha jambo: hapo huna faili. Una namba tu inayoelekeza kwenye sauti iliyoko kwenye seva zao, na ruhusa ya kuipiga. Machi 2022 Roblox ilizifanya sauti zote zinazozidi sekunde 6 zilizopakiwa na watumiaji kuwa za faragha, na gemu nyingi zilizokuwa zikitumia sauti za wengine zikanyamaza. Atumiaye namba na ajue namba hiyo ni ya nani.

Turudi kwenye kinywa, maana hata faili ikiwa salama, kinywa kina namna zake za kukata maneno.

Katika gemu yetu punda anaokota maembe njiani. Embe likiguswa linatakiwa kutoa mlio wa kutafunwa, kisha litoweke. Lilikuwa linatoweka kimya. Nodi ya sauti ilikuwa imewekwa ndani ya embe, na msimbo ukisema embe lifutwe, kinywa kinafutwa pamoja nalo kabla hakijatamka. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote. Dawa yake ni mojawapo ya mbili: ama kinywa kiwe cha punda, kwa kuwa ndiye anayetafuna na ndiye anayebaki, ama embe lifichwe kwanza na kufutwa pale nodi itakapotoa ishara yake ya finished.

Kisha kwato zenyewe. AudioStreamPlayer, yaani nodi ya kupiga sauti ya Godot 4, usipoigusa inapiga sauti moja tu kwa wakati. Ukiiamuru tena kabla haijamaliza, inaikata ya kwanza. Punda wa miguu minne anayekimbia akawa anasikika kama amekatwa pumzi. Tuliongeza max_polyphony ikawa 4, mikia ya sauti ikapata nafasi ya kwisha yenyewe. Lakini bado palikuwa na kasoro: kila kwato ilikuwa nakala ya nyingine, na masikio ya binadamu yanakamata nakala haraka sana. Punda alisikika kama cherehani. Hapo ndipo tulipoleta AudioStreamRandomizer. Unaiundia orodha ya rekodi kadhaa za kitu kimoja, sisi tulitia kwato_jiwe_01 hadi 05, nayo inachagua mojawapo kila mara bila kuirudia iliyotoka kupigwa, na unaweza kuiruhusu iifanye sauti iwe nyembamba au nene kidogo. Tuliweka random_pitch 1.08. Ukizidisha hapo punda anakuwa katuni. Kwa jambo dogo hili peke yake gemu ilibadilika kuliko kwa picha zote walizochora wiki ile, na ninalisema kwa moyo wote kwa yeyote anayeanza: rekodi tano za kwato moja zina thamani kuliko kwato moja iliyosafishwa siku nzima.

Tahadhari moja kwa wanaotumia AudioStreamPlayer2D, ile inayojua mahali. Ina umbali wa mwisho wa kusikika, na usipoubadilisha ni pikseli 2,000. Nje ya hapo ni kimya, na kimya hicho hakitoi onyo lolote.

Mabasi nitayapitia upesi, ukishayaelewa hayana tabu. Sisi tuna basi kuu, Master, na manne yanayoingia humo: muziki, mazingira, mitaani, vitufe. Faida yake ni kwamba mchezaji akitaka kuzima muziki abaki na kwato, unashusha basi moja badala ya kutafuta vinywa vyote. Namba zake ni desibeli, na sifuri ndiyo juu. Kutoa 6 kunapunguza ukubwa wa wimbi hadi nusu. Ukivuka sifuri kwenye basi kuu mawimbi yanakatwa vichwa, na kinachosikika ni mkwaruzo. Mtego ni jina tena. Nodi inakumbuka basi lake kwa jina, na ukilibadilisha basi la mitaani kuwa mtaa, nodi zilizokuwa zikilitafuta zinarudi kwenye Master kimyakimya. Sauti itasikika kama kawaida, ila kitelezi cha mchezaji hakiigusi tena. Na kila ulichopanga kisikilize kwenye spika ya simu yenyewe, usiamini visikilizio. Ngoma nzito inayotikisa masikio yako, spika ya simu haina uwezo wa kuitoa.

Mwisho wa mradi folda inakuwa imejaa. Usifute kwa macho. Bofya faili kwa kitufe cha kulia uchague View Owners, Godot itakuonyesha ni wapi inatumika. Kwenye menyu ya Project, ndani ya Tools, pana orodha ya rasilimali zisizo na mwenyewe. Isome kwa uangalifu, kwa sababu sauti inayoitwa kwa jina ndani ya msimbo, kama kwato zetu, inaweza kuonekana humo kama yatima ilhali inafanya kazi kila siku. Na kuhamisha faili, hamishia ndani ya edita, ili uzi wake uhame nayo. Ukihamisha kwa Windows, beba na .import yake. Katika Unity ni hivyo hivyo kwa faili za .meta, ambazo zina namba ya utambulisho. Kwa wanaopeana mradi kwa flashi, folda ya .godot mnaweza kuiacha, itatengenezwa upya, lakini .import zote lazima ziende.

Usiku ule, herufi ilipokwisha kurekebishwa na gemu kufungashwa tena, mtoto wa kakangu aliiweka simu juu ya baraza ikiwa imepandishwa sauti. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefuga punda na kupakiza mawe na mchanga maisha yake yote, alikuwa ameketi upande wa pili. Akasikiliza raundi nzima bila kutazama skrini.

"Huyo punda wenu," akasema, "hana mzigo."

Kijana akamwambia, "Babu, kwenye gemu amebeba magunia mawili."

"Basi mwenye mzigo hakanyagi hivyo. Hatua yake fupi, na inashuka nzito. Njooni kesho alfajiri bandarini muwasikie."

Tulikwenda. Sasa folda ina faili tano zaidi, kwato_jiwe_mzigo_01 hadi 05, na katika chanzo.txt, kando ya kila mojawapo, limeandikwa jina la yule mzee kwa idhini yake.